Mabehewa Sita ya Athumani, Kutoka Magogoni Hadi Changamwe

Tuliokwenda tulikuwa watatu: mimi Mwanaisha, kaka yangu Athumani, wa baba mmoja na mama mmoja, na mama yetu mdogo Mwanakombo, kitindamimba wa kwao mama. Waliotupokea Changamwe ni Joshua Mutua, Mkamba aliyekuwa akikagua mabehewa ya mizigo relini, na mkewe Ndunge, ambaye alizoeana na Mama mdogo kwa kununua nazi kwake. Aliyetuamulia ni Harbans, Kalasinga, msimamizi wa karakana ya mabehewa. Nyuso zao zote ninazo.

Tulikwenda kwa sababu ya Athumani. Alikuwa seremala, na jumba alilokuwa akijenga Changamwe lilikwisha, akarudi Magogoni kukaa bure. Naye kamposa Zainabu, na babake Zainabu kasema wazi: akija na kazi ya kudumu, harusi baada ya Idi, asipokuja nayo, yuko mwingine keshabisha hodi. Ndipo Mutua akatuletea habari kuwa karakana yao yataka seremala mmoja wa kubadilisha mbao za mabehewa. Ila Harbans, akasema, hasomi barua za kuomba kazi. Ataka aone kitu kilichotoka mkononi mwa mtu.

Athumani akatengeneza mabehewa madogo sita, kila moja shibiri mbili. Mbao alipata kwenye masanduku ya chai, bati kwenye debe la mafuta ya taa, na magurudumu alikata kwenye vibiringo vya uzi vya mama, mama akalalama wiki nzima: "Uzi wangu niuzungushie wapi, Athumani, kwenye pua yako?"

Aliyatengeneza kwa kukumbuka tu. Miezi miwili alikuwa akila chakula cha mchana kando ya ua wa reli, na ng'ambo ya ua yamesimama mabehewa, akiyatazama. Alipomaliza, akachora kwa chaki mistari miwili iliyokatana ubavuni mwa kila behewa.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Chapa yao. Yote yanayo."

Saa kumi na mbili asubuhi tukatoka. Ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla ya Uhuru. Mabehewa niliyabeba mimi ndani ya kikapu, nimeyafunika leso. Daraja la Nyali lilikuwa lile la zamani, lililokaa juu ya maji, likipanda na kushuka chini ya basi. Mama mdogo alifumba macho akisoma dua mpaka upande wa pili.

Saa mbili tulikuwa Makupa, katika basi la pili. Pale reli na barabara huvuka maji zikienda ubavu kwa ubavu, na bahati yetu gari la mizigo lilikuwa likipanda bara. Lilitupita polepole: mapipa marefu ya mafuta, mabehewa ya saruji yaliyochafuka weupe, mengine yamefungwa milango na kutiwa lakiri. Athumani akatoa kichwa nje, akayatazama yote mpaka la mwisho. Kisha akafunua leso kikapuni, akayatazama ya kwake.

"Una nini?" Mama mdogo akamuuliza.

"Hayana chapa," akasema. "Hata moja."

Changamwe tulifika saa tatu. Mutua alikuwa mlangoni mwa nyumba yake ya reli, kavaa tayari nguo za kazi. Nilipofunua leso, akapiga kelele: "Ndunge! Njoo uone! Athumani katuletea hospitali!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatueleza. Mistari ile ni wakaguzi wanaoichora, kwenye behewa bovu, lisipakiwe mzigo. Yaliyochorwa huvutwa kando, kule uani, yangoje fundi. "Miezi miwili umekula na wagonjwa, ndugu yangu. Harbans akiona hivi, atadhani umekuja kumcheka."

"Futa haraka!" Mama mdogo akasema, keshalamba ncha ya buibui.

"Chaki nitafuta," Athumani akajibu. "Na ubao uliopasuka je? Na springi iliyolala? Na mlango ulioning'inia? Nimevichonga vyote nikidhani ndivyo yalivyo. Wallahi, twende hivi hivi."

Mutua akatupeleka karakanani. Wanaume walikuwa wakipita wakigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima lalia kama kengele, lenye ufa lakohoa. Harbans akayapanga mabehewa yetu juu ya meza. Hakucheka. Aligeuza moja moja, ndevu zikigusa mbao. La nne akalishika muda mrefu.

"Hii ufa chini ya sakafu," akasema, "ni ya kweli, ama kisu nateleza?"

Nilimwombea aseme kisu. Ningekuwa mimi ningesema kisu.

"Ni wa kweli, bwana. Behewa la chumvi, la mlango mbovu. Nilikuwa nikiuona nikikaa chini kula," Athumani akajibu.

"Mlango tumetengeneza jana. Naenda pakia leo."

Akatoka, sote nyuma yake. Behewa lenyewe lilikuwa limesogezwa, chaki imefutwa, wapagazi wameketi juu ya magunia wakingoja. Mutua akalala chali, akaingia chini, akakwangua uchafu kwa kisu. Alikaa huko mpaka nikaogopa. Alipotoka hakuwa na kicheko tena.

"Boriti imepasuka," akasema. "Na behewa hili nililikagua mimi."

Angeweza kunyamaza. Akatoa chaki mfukoni, akachora mistari miwili mwenyewe, mbele ya wapagazi.

Harbans akamtazama, akamtazama Athumani. "Mutua nasikia chuma," akasema. "Wewe naona mbao. Jumatatu, saa moja. Leta msumeno yako. Hizi sita nabaki kwangu."

Adhuhuri Ndunge alitupa mahindi ya kukobolewa na kunde, yamepikwa mpaka yakalainika. Mutua hakula vizuri. Mwishowe akamwambia Athumani, "Jumatatu mimi nitakula mbali na wewe, bwana. Usije ukaniona na mimi ufa." Hapo tukacheka sote, na yeye akaongeza chakula.

Jioni tulirudi Magogoni kikapu kitupu, na baada ya Idi Zainabu akaolewa nyumbani kwetu. Mimi nilichojifunza ni hiki: chumvi nilikuwa nikiinunua dukani nami sikuwahi kujiuliza imebebwa na nini, wala nani kalala chini ya behewa kulikagua. Tangu siku ile nalijua jina la mmoja wao.

Hayo ndiyo niliyonayo. Huenda gari la Makupa lilikuwa likishuka, mimi nikasema lapanda; huenda behewa lilikuwa la sukari. Aliyekuwapo, au aliyesimuliwa na wazee wake, akiona nimekosea, na aje aniambie, nitengeneze. Sitaona vibaya.