Kelele ya Injenia Habarurema

Siku Habarurema wa mtaa wa Ndosho alipofungua tumbo la kompyuta yake na kupachika ndani kadi ya kunasa redio za masafa mafupi, aliita avenyu nzima ije isikie dunia. Dunia ikanguruma. Grrr, kama pikipiki iliyolishwa mafuta yenye maji. Habari za Kiswahili za saa kumi zilikuwemo mle, lakini kama mutu anayeongea kutoka ndani ya gunia la maharagwe.

Injenia hakosei. Jina la Injenia alijipa mwenyewe, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemwomba diplome. Basi akanyoosha kidole ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yake Rémy, fundi wa kuchomelea milango ya vyuma. Akamweleza shefu wa avenyu kwamba mashine ya Rémy inachafua mawimbi, akimwaga Kifaransa mpaka shefu akaona haya kuuliza. Amri ikatoka: kila siku, saa kumi mpaka saa kumi na moja, Rémy asichome. Na hiyo ndiyo saa wateja hupita wakitoka sokoni Birere. Rémy akasema, "Sawa, muzee," akazima.

Kompyuta ikaendelea kunguruma. Habarurema akawaambia wageni kwamba uchafu wa mawimbi hukawia kuisha.

Mwezi ukapita. Jumanne moja, saa kumi na dakika chache, Rémy akapiga hodi na redio yake ndogo ya betri mkononi. Ilikuwa inasoma habari zilezile, kila neno limenyooka.

"Nimekuja kukushukuru, muzee," akasema. "Tangu nizime mashine, inasikika muzuri sana. Kumbe ulisema kweli."

Alisema bila kejeli hata chembe, na hicho ndicho kilichouma. Akaiweka redio mezani kando ya kompyuta. Redio nayo ikaanza kunguruma. Akaichukua, akarudi mlangoni: ikasoma vizuri. Mezani tena: grrr.

Mama Joviale, msusi, aliyekuwa kwenye benchi la wageni, akauliza taratibu, "Injenia, na ukizima kwanza hiyo ordinatere yako?"

"Haihusiani."

"Zima tu. Tuone."

Akazima. Redio ya Rémy ikasema wazi, safi kama maji ya chupa. Mnyama aliyekuwa akinguruma alikaa mle mle tumboni, bega kwa bega na kadi: kile kisanduku cha kuigawia kompyuta umeme.

Hakuna aliyecheka. Habarurema angeshukuru kama wangecheka. Rémy aliangalia sakafu, kama mutu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mutu ndani.

Kesho yake Habarurema alikwenda kwa shefu kufuta amri. Shefu alipouliza sababu, Habarurema hakumwaga Kifaransa. "Nilikosea," akasema. Kisha akaenda kwa Rémy na hotuba nzima ya msamaha kichwani; alipofika, akatoa maneno mawili tu.

"Choma tu."

"Mpaka saa ngapi, muzee?"

"Mpaka uchoke."

Rémy akamsogezea kiti, akamwashia redio, maana saa kumi ilikuwa imefika. Kisha akavaa miwani yake myeusi, akaanza kazi. Habari zikapasuka vipande vipande. Kumbe mashine nayo ilikuwa na kelele yake. Wiki iliyopita Habarurema angeruka: si nilisema? Sasa akapunguza sauti ya redio.

Rémy akasimama. "Nizime kidogo, usikilize?"

"Hapana," akasema, uso chini. "Nimekula saa zako za mwezi mzima. Choma."

Akakaa pale mpaka saa kumi na moja, bila kusikia habari hata moja.