Posa yangu imekwama kwenye penalti ya zamani

Admin, jina langu usiliweke kabisa, maana tawi letu zima lina simu na wanapenda umbea kuliko mpira wenyewe.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, Mluguru wa Bigwa, fundi cherehani. Mama yangu alishafariki. Baba yupo, lakini kwetu neno la ndoa ya binti liko kwa mjomba, ndugu wa mama. Nilipomweleza baba kuhusu posa alisema, "Mimi nitakaa nisikilize. Mwenye neno ni mjomba wako." Mjomba huyo ndiye aliyenilea baada ya mama kuondoka, na ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki hapa mtaani. Timu siitaji, maana nikiitaja tu nusu yenu mtaacha kunishauri mwanze kubishana.

Mchumba wangu nimuite Beka. Anafanya kazi kiwandani, anaishi Kihonda, ana heshima zake, na kwa bahati ni shabiki wa timu hiyo hiyo ya mjomba. Nilipojua hivyo nilimshukuru Mungu, nikajisemea hapa posa imeshapita. Nikampeleka tawini mwenyewe Jumamosi moja ili wazoeane kabla wazee wake hawajaja. Jamani, bora angekuwa wa timu pinzani! Mtani mnataniana, mnacheka, yanaisha. Hawa wa timu moja wakianza kugombana hawana pa kuishia.

Siku hiyo mada ilikuwa usajili. Mfungaji wetu kauzwa, kocha kafukuzwa, viongozi wameleta mawinga wengine wakati beki ya kulia haina mtu. Hapo walikuwa kitu kimoja, wote wanalaumu. Mjomba akasema dawa ni kumrudisha mwalimu wa ule msimu tuliochukua ubingwa kwa penalti ya dakika za mwisho, hapa hapa Morogoro. Akaanza kuusimulia, na mjomba akianza kuusimulia msimu ule unaweza ukabandika maharage yakaiva. Beka akadakia, "Mzee wangu, unisamehe, lakini mwalimu yule hakuwa na lolote. Msimu ule tulibebwa na waamuzi. Ile haikuwa penalti."

Vijana wakaangua kicheko, wengine wakapiga meza. Mjomba akavua kofia yake ya timu, akaiacha juu ya kiti, akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani namwita, hakugeuka hata mara moja. Nilijua nimeharibikiwa.

Kesho yake nikaenda kwake baada ya misa. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba," kisha akasema bila kuniangalia, "Huyo kijana wako, waambie wazee wake wasijisumbue kuja."

Nikamwambia, "Mjomba, si ni mpira tu?"

Hapo ndipo aliponigeukia. "Mpira tu? Ile mechi nilikwenda na mama yako. Tulipofunga alinirukia shingoni, kanga ikamdondoka, akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo akaanza kuugua, hakwenda tena uwanjani. Leo mtu anakuja kwenye tawi langu kusema furaha ile ilikuwa ya kubebwa, na watu wanacheka!" Sharti lake likawa moja: Beka aje tawini, mbele ya wale wale waliocheka, aseme penalti ile ilikuwa halali. Asipokuja, posa hapokei.

Nikampelekea Beka salamu hizo, nikamweleza na habari ya mama. Aliinama, akasikitika kweli. Akasema, "Kumkosea adabu nitamwomba radhi, hata magoti nitapiga. Sikujua habari za marehemu. Lakini kusimama mbele za watu niseme nilichokiona sikukiona, hapana. Leo nikidanganya ili nikuoe, kesho nikikwambia kitu utaniamini vipi?" Nililia, nikamwita mbishi, nikamwambia anapenda penalti kuliko mimi. Hakubadilika. Na mjomba naye namjua, akishafunga mlango haufunguliwi kwa kubembeleza.

Sasa ninachowaambia ninyi hakuna mwingine anayekijua. Siku ile ya mechi na mimi nilikuwepo, binti mdogo wa shule. Wakati wa kurudi mjomba alitangulia mbele anaimba, anampungia mkono kila anayepita. Mama akanishika bega, akaniinamia sikioni huku anacheka, akasema, "Ile si penalti, mwanangu. Yule kajiangusha mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu. Lakini usimwambie mjomba wako. Siku nyingi hajafurahi hivi. Mwache afurahi."

Nimelitunza neno hilo mpaka leo, maana ni kitu changu na mama peke yetu. Nikimwambia mjomba, huenda akamwondolea Beka lile sharti, lakini nitakuwa nimemnyang'anya siku yake nzuri aliyobaki nayo ya dada yake. Atajua hata dada yake alimficha. Nikimwambia Beka, namjua, ataona ameshinda, na siku moja litamtoka. Nikinyamaza, wazee wa Kihonda watafika Jumapili hii na kurudi walikotoka, na Beka ameshaniambia hawatakuja mara ya pili.

Tangu juzi kila nguo ninayoshona naifumua. Jana nilipita kwa mjomba, nikamkuta kakaa uani na ile kofia magotini, nikafungua mdomo niseme, nikaishia kumuuliza kama ameshakula.

Ndugu zangu, habari za usajili na nani alibebwa msiniletee hapa, nimezichoka. Niambieni hili tu, nalia nikiwauliza: nimwambie mjomba alichokisema dada yake, au nimwache afurahi, kama mama alivyoniagiza, na mimi nibaki bila mume?