Mama Sema na Kikombe cha Pili

Kama kuna mtu aliyejiona msafi kuliko sabuni yenyewe, ni yule nesi wa dirisha la methadoni. Miaka kumi na moja alikaa nyuma ya nondo akiwamiminia dawa watu wanaojinasua kwenye unga wa heroini. Utaratibu ulikuwa wazi: unakunywa mbele yake, unashushia maji, kisha unataja jina lako kwa sauti, ijulikane hukuficha dawa shavuni ukaiteme nje. Lakini kwa Mama Sema, maana ndivyo walivyombatiza, jina halikutosha.

"Sema!"

"Mimi ni teja."

"Sijasikia. Sema!"

"Mimi ni teja!"

"Haya, pita. Mwingine!"

Watu wazima, wengine wana wajukuu, walilitamka neno hilo kila asubuhi mbele ya foleni nzima, naye akibetua midomo. Wangefanyaje? Ukigombana na dirisha lile unakosa dawa, na jioni mifupa inakutafuna. Nyumbani nako aliwasimulia wanawe jinsi mateja wanavyonuka, wanavyodanganya, wasivyo na haya hata chembe. Akishamaliza kusimulia, anafungua mkoba, anatoa vidonge vyake vya usingizi, anameza.

Ebo, hapo usimguse! Vile ni dawa, aliandikiwa na daktari alipofiwa na mumewe, vya wiki mbili. Wiki mbili zenyewe zilikuwa zimefika miaka sita, kidonge kimoja kimezaa vinne, na duka la dawa alishalihama mara tatu kwa sababu wauzaji wa siku hizi, alisema, wanauliza maswali kama polisi. Binti yake alipothubutu kumwambia, "Mama, na wewe umeshazoea," alinuna mwezi mzima. Yeye na mateja wapi na wapi? Wao wanatumia, yeye anatibiwa!

Jumatatu moja fundi viatu, mzee mpole asiyewahi kukosa siku, alikunywa dawa yake, akatamka neno lake, akaenda zake. Baada ya nusu saa akarudi kuchukua miwani aliyoisahau pale dirishani. Mama Sema, kope nzito, akamimina kikombe kizima na kukisukuma.

"Kunywa."

"Dada, nimeshakunywa. Nimefuata miwani tu."

"Kunywa, usinipotezee muda!"

"Nikinywa cha pili naweza nisiamke, dada."

"Tangu lini teja akakataa dawa?" Alifoka mpaka daktari akatoka chumba cha pili.

Daktari akafungua daftari. Tiki ya fundi ilikuwepo, ya mkono wa Mama Sema mwenyewe, imepinda kama imeandikwa garini.

"Nesi, uko sawa kweli?"

"Niko sawa kabisa. Nimemeza vitatu tu."

"Vitatu vya nini?"

"Vya usingizi."

"Saa mbili hii ya asubuhi?"

Mama Sema akauvuta mkoba wake, akaubana kwapani.

Hawakumfukuza, amshukuru Mungu wake. Daktari alimwondoa dirishani, akamweleza kwamba vidonge vile haviachwi kwa mkupuo, vitapunguzwa kidogo kidogo. Atavimeza palepale kila asubuhi, mbele ya nesi, kwenye foleni kama wengine. Akikosa siku moja, kazi hana. Akalia, akasema anaonewa wivu, akasema wanataka kumdhalilisha. Kumdhalilisha! Yeye, aliyewafanyia wenzake hivyo miaka kumi na moja!

Siku ya kwanza alikuja amejitanda khanga mpaka puani, utadhani kuna mtu asiyemjua. Zamu yake ilipofika, nesi mpya akampa nusu kidonge na maji.

"Fungua mdomo. Vizuri. Haya, sema."

Nesi mpya alitaka jina tu, maana ndio utaratibu. Lakini Mama Sema dirishani pale alikuwa anajua jibu moja.

"Mimi ni..." Akakwama. Akajaribu tena. "Mimi ni..." Machozi yakaloanisha khanga.

Fundi viatu, aliyekuwa nyuma yake, akamsogelea.

"Jina, dada," alisema polepole. "Jina tu linatosha."

Mama Sema akalitaja kwa sauti ndogo, na foleni ikasogea.