Chachu ya Bwawa la Ndera

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Asubuhi nilipolikuta bwawa jeusi, linanuka kama yai viza, niliipiga teke mashine ya kupuliza hewa, na masikini haikuwa na kosa. Ilikuwa inabubujisha maji kama kawaida.

Bwawa hilo hupokea maji machafu ya mtaa wetu, ya jikoni mpaka ya chooni. Vijidudu vikipata hewa ya kutosha hula ule uchafu. Kulitunza ni kazi yangu, na mimi ndiye niliyewaapia majirani kwamba halitanuka. Sasa walikuwa wameamua: likinuka hadi umuganda ujao, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watalifukia.

Nilisafisha mabomba, nikamshuku kila mtu. Siku ya tatu akaja bibi ambaye dirisha lake linatazama bwawa, na alikuwa amelifunga tangu harufu ianze. Akanieleza kwamba katika umuganda uliopita, yeye na wenzake walifyeka ukingoni, wakaona maji ya kahawia, wakaona aibu. Mtaa mzima unang'aa, bwawa liwe chafu? Wakamimina madumu ya dawa ya kuulia vijidudu.

Jamani! Nilimwambia wameniulia wafanyakazi wangu wote.

Akaniuliza: "Mwanangu, maziwa yakikataa kuganda, si mtu huomba chachu kwa jirani?"

Nilijiona mjinga. Nikampigia mwenzangu wa Kagarama, anayetunza bwawa kama letu, akaniletea mapipa ya tope lake la kahawia, lililojaa vijidudu hai. Tukalimwaga, nikaiacha mashine ifanye kazi. Kila asubuhi nilichota maji kwenye chupa: meusi, meusi tena, kijivu. Siku mbili kabla ya umuganda yakawa ya kahawia, yananukia udongo uliolowa mvua. Nilikaa ukingoni nikalia, na sioni haya kusema.

Jumamosi watu walikuja na majembe yao. Wakasimama wakinusa, kila mmoja akimtegea mwenzake aseme.

Ndipo bibi alipofungua dirisha. Maziwa hudaka harufu upesi, hapa kila mtu anajua. Akaweka chungu chake cha maziwa pale dirishani, wazi, yagande.

Watu wakabeba majembe yao, wakaenda kuzibua mtaro wa barabarani.