Nilivyotaka Kupima Vitabu kwa Mizani ya Kahawa

Nakumbuka siku moja iliyonigharimu shilingi elfu sitini na mbili. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa zile zile. Lakini hasara yenyewe haikuwa katika hizo elfu sitini na mbili, mwanangu. Ilikuwa katika elfu hamsini na saba nilizodhani nimeziokoa. Kaa nikueleze, na kama una haraka nenda kwanza urudi, maana habari hii siipunguzi bei.

Mimi ni mtu wa duka hapa Chonyonyo. Nanunua maharage, nanunua ndizi, na siku ya gulio nashuka Kituntu kupatana na watu wanaojua kupatana. Wanaonisema husema kwamba hata kanisani nadai chenji ya sadaka. Ni uongo. Nilidai mara moja tu, na ilikuwa noti ya elfu kumi.

Sasa, shule yetu ya msingi ina mwalimu mmoja, Mwalimu Adventina, mwanamke mwembamba asiyepiga kelele. Siku hizi shule ya msingi haina ada, lakini mtoto hawezi kwenda uchi, wala hawezi kuandika kwenye jani la mgomba. Mwalimu aliwahesabu watoto saba waliokwisha kuacha kuja kwa sababu ya sare, viatu, madaftari na mchango wa uji. Akabuni jambo. Wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita wasome vitabu vya shule kwa mwezi mmoja na nusu. Kila msomaji amtafute mtu mzima wa kuahidi kiasi fulani kwa kila kitabu. Akimaliza kitabu, amwendee mtu wake na kumsimulia. Mtu akiridhika, atie sahihi kwenye daftari. Mwishoni fedha zote ziwarudishe wale saba darasani.

Alitangaza Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado uwanjani. Projestus, mnunuzi wa kahawa aliyetoka Muleba na kufungua ghala hapa kwetu, akasimama kwanza: "Elfu tano kwa kila kitabu atakachosoma mwanangu!" Wakapiga makofi. Mimi makofi ya mtu mwingine huniwasha. Nikainua mkono: "Mjukuu wangu Atugonza, elfu mbili kwa kitabu!" Kichwani nilikwisha kupiga hesabu. Mtoto wa darasa la tano, kuna kuchota maji, kuna kuokota kuni, atasoma vitatu. Elfu sita. Kwa elfu sita nimepigiwa makofi na kanisa zima. Hiyo ni bei ya kutupa.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Wala halikuwa kosa geni, maana nilikwisha kulifanya nikiwa kijana. Ngoja, nitalifikia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ana jina. Wiki ya kwanza tu alikuja dukani mara tano, nami nimeinamia ungo nachambua maharage.

"Shikamoo, Babu. Nimemaliza kingine."

"Marahaba. Unavisoma au unavimeza?"

"Navisoma, Babu. Hiki ni cha nyuki."

"Nyuki ana miguu mingapi?"

"Sita."

"Umehesabu mara mbili?"

"Wewe hukuhesabu hata mara moja, Babu. Tia sahihi."

Nilitia sahihi mara thelathini na moja. Sikutia nikiwa nimelala, nakuapia. Nilisikia habari za nyuki, za moyo wa binadamu unavyosukuma damu, za msichana aliyejenga daraja la miti, na za mfalme bahili ambaye, kwa kweli, niliona anaonewa. Ilifika mahali nikawa naacha kufunga duka mapema, nangoja hadithi. Hilo sikumwambia mtu.

Na kila kitabu Atugonza alikisoma mara mbili. Mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili kwa sauti, kwenye kibanja cha jirani, kati ya migomba, kwa rafiki yake Edina. Edina alikuwa mmoja wa wale saba. Waliketi dawati moja mpaka sare ya Edina ilipochanika mgongoni, ikakosa hata pa kushikia kiraka. Analelewa na bibi yake, na bibi alikuwa ameletewa ujumbe kutoka Kayanga: kuna mama mmoja anatafuta binti wa kumlelea mtoto, atakuja kumchukua Jumatatu baada ya siku ya kulipa ahadi. Bibi akajibu kwamba fedha za shule zikipatikana kabla ya Jumatatu, Edina haendi. Zisipopatikana aende, angalau atakula. Atugonza alilijua hilo. Na mimi nililijua, kwa sababu aliniambia katikati ya kitabu cha kumi na tisa. Nikajibu, "Mungu atasaidia," nikatia sahihi. Mungu ni mfadhili mzuri. Unamwandika jina bila kumuuliza.

Jumamosi tukaitwa darasani kulipa. Mwalimu akasoma: mtoto wa Projestus, vitabu ishirini na viwili, laki moja na elfu kumi. Atugonza, vitabu thelathini na kimoja, elfu sitini na mbili. Akaendelea na wengine. Kila jina likisomwa, mtu mzima mmoja alikohoa.

Projestus akakichukua kitabu kimoja mezani, akakifungua kwa vidole viwili kama anayekagua kahawa mbichi. "Mwalimu, hiki ni kitabu au ni karatasi ya kufungia sukari? Kurasa kumi na sita, na nane ni picha za ng'ombe!"

"Mtoto alikusimulia, ukatia sahihi," Mwalimu akasema.

"Nilikuwa naongea na simu!"

Mwingine akasema vyenye picha vihesabiwe nusu. Mwingine akasema alidhani ni ahadi ya kuwatia moyo watoto tu, si ya kutoa kweli. Nikawaona wanapatana vibaya, bila ufundi, nami ufundi ninao. Nikasimama. Mwanangu, laiti ningekuwa nimekwenda kujisaidia wakati ule.

"Jamani," nikasema, "sisi ni watu wa kahawa. Kahawa hatuihesabu punje kwa punje, tunaipima. Iletwe mizani kutoka ghalani. Kilo moja ya vitabu iwe kitabu kimoja."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na kicheko kikishaingia, aibu hutoka. Wakakubaliana hapo hapo kwamba kila mtu atoe elfu tano, mambo yaishe. Nikatoa yangu, tena nikadai risiti. Mwalimu Adventina aliiandika bila kuniangalia.

Madirisha ya darasa lile hayana vioo. Watoto walikuwa wamejaa pale nje, vichwa juu ya vichwa, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Nilirudi nyumbani na elfu hamsini na saba mfukoni. Atugonza alinifuata nyuma mpaka tukafika kwenye migomba ya kwetu. Ndipo akaniuliza, "Babu, nikusimulie upya? Labda sikusimulia vizuri."

Nilimwambia akachote maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Kesho yake baada ya misa akaja dukani bibi yake Edina, Ma Jeneroza, akaegemeza fimbo yake kwenye kaunta. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe chumvi ya mia mbili. Na uipime vizuri, waitu, mwenzetu. Nasikia siku hizi unapima hata hadithi."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Kijana," akaniita, mimi mwenye miaka sitini na mitatu na meno ya kuhesabika, "kumbe mpaka leo unanunua maua?"

Mwanangu, huenda wewe hujui butura. Ni kununua kahawa ingali ua mtini. Mkulima ana shida, mavuno yako mbali. Wewe unakuja na fedha kidogo, unatazama maua, mnapatana, na itakapoiva yote ni yako. Serikali ilikataza, mapadre walikemea, na sisi tuliendelea. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na baiskeli ya kuazima, nilinunua kwa butura kahawa ya mjane mmoja. Mjane huyo ndiye huyu aliyekuwa anangoja chumvi. Binti yake Jeneroza alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na sekondari wakati ule ilidai ada, sanduku la bati na godoro. Nilimpa bei ya gunia moja. Zikatosha muhula wa kwanza.

Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule. Nikavuna magunia matano.

Muhula wa pili ulipokaribia, alikuja kwangu, akasimama uani. Hakuomba yote. Aliomba gunia moja, niuze nimpe fedha mtoto arudi shule. Nami, kijana mwerevu, nikamjibu neno nililolisikia gulioni na kulipenda: "Mama, mapatano ni mapatano." Jeneroza hakurudi shule. Aliolewa mapema kule Kimuli, ndoa ikavunjika, na mpaka leo analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Mtoto wake wa mwisho alimleta kwa bibi amlelee. Ndiye Edina.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua tangu siku Edina alipoletwa. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili, hilo sikulihesabu hata mara moja.

Ma Jeneroza akafunga chumvi yake kwenye upindo wa khanga. Hakupandisha sauti. "Siku ile ulikuwa unapata, ukaniambia mapatano ni mapatano. Jana ulipotakiwa utoe, mapatano yakawa mizani. Mimi nilikuwa na shida na ujinga wangu, nikakuuzia ua. Watoto hawa hawakukuuzia ua. Wamekuletea kahawa imeiva, imekaushwa, imekobolewa, mpaka mlangoni kwako. Wamekukosea nini?"

Akaweka mia mbili kwenye kaunta. Nilimwambia aache, akakataa. "Mimi nalipa ninachochukua," akasema, akaenda zake polepole.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama. Jumatatu alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Adventina, Atugonza kando yangu, na elfu hamsini na saba mfukoni. Nilizihesabu mbele yake, akazihesabu yeye, nikamwambia asiniandikie risiti. Nikamwambia Atugonza mbele ya mwalimu wake kwamba hadithi zilisimuliwa vizuri, zote thelathini na moja, na kwamba babu yake ndiye aliyesikia vibaya. Asubuhi ile Edina alipata sare na viatu, na yule mama wa Kayanga alipofika, alipewa kikombe cha uji akarudi kwake.

Hapo ungedhani hasira yangu imekwisha. Haijaisha. Watoto saba waliongojewa, wamerudi wawili. Watano wako nyumbani mpaka leo, na walioahidi wako gulioni wanakula nyama choma. Projestus anapita na pikipiki yake mbele ya shule ile ile, anapiga honi kusalimia! Mtoto wake alisoma vitabu ishirini na viwili, na sasa ukimpa kitabu anakuuliza cha nini. Hicho ndicho kinachonichoma. Tunasimama kila sherehe tukilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, hawana uaminifu, wamekaa kwenye simu. Walisoma! Walisoma mpaka wakatutia hofu mifukoni, nasi tukawafundisha somo ambalo halimo kwenye kitabu chochote kile: kwamba neno la mtu mzima ni ua, halina lazima ya kuzaa. Na mwalimu wa somo hilo nilikuwa mimi, na mizani yangu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Patana, kupatana si dhambi, nami nitapatana mpaka siku ya kuzikwa, hata bei ya jeneza. Lakini patana kabla ya mwenzako hajatoa jasho. Akishalitoa, funga mdomo ufungue mkono. Usiahidi kwa kutumaini kwamba mwenzako atashindwa. Ahadi ya namna hiyo ni wizi uliovaa nguo ya Jumapili. Na neno ulilomkazia mnyonge siku ulipokuwa unapata, likumbuke vile vile siku ya kutoa. Ahadi ni deni, wanasema. Mimi naongeza kwamba deni la mtoto lina riba isiyoandikwa popote, na hulipwa na wajukuu.

Mungu akujalie kinywa kisichozidi mkono wako. Akupe watoto wanaosoma kuliko ulivyotarajia, na akupe cha kuwalipa. Kahawa yako ichanue, iive, na uivune mwenyewe.

Sasa nina ombi, maana wewe umesoma na mimi nimeishia kwenye kuhesabu magunia. Nimepiga hesabu ya yale manne niliyovuna juu ya bei niliyolipa. Nimeipiga kwa bei ya wakati ule, nikaipiga na kwa bei ya leo, na fedha nimeziweka kando. Ma Jeneroza amezikataa. Amesema si zake, nimpelekee mwenyewe kule Kimuli. Nitakwenda. Lakini sekondari ni miaka minne, naye aliisoma muhula mmoja, na iliyobaki sioni naiandika kwa bei gani. Nimejaribu mara mbili. Nikimkuta Jeneroza shambani kwa watu, jembe mkononi, nianze kwa kumwambia nini? Nishauri, mwanangu.