Isale kwenye maji ya samaki

Fundi cherehani wangu wa Kiboriloni ameweka mezani chombo kidogo cha kioo, chenye majani mabichi na samaki wadogo kama punje za mchele. Jumanne aliingia mama mmoja wa Mwika kuchukua gauni la kipaimara cha mjukuu wake. Gauni lilikuwa bado halina mikono.

Mama akafungua mdomo kugomba, kisha akainamia kioo. "Hilo si isale?"

"Ndiyo, mama. Samaki wanapenda kujificha humo."

Kwetu Uchaggani ukiletewa jani la isale, huna budi kusamehe. Mama akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe wewe unaomba msamaha kabla hujakosa. Haya, nitarudi Ijumaa."

Makala hii imechelewa, kwa hiyo nami nimeweka samaki na isale mezani kwangu. Tatizo mhariri wetu si Mchagga.