Kesi ya Kukhu na Mvua ya Mawe

Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliamua kuandika tasnifu kuhusu kesi za uchawi: kwa nini watu hushtakiana, na walianza lini. Msimamizi wangu alitaka sababu. Alitaka njaa, maradhi, mabadiliko ya jamii, na tanbihi za kutosha. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma jinsi Wazungu wa zamani walivyochoma wanawake kwa kuwa ng'ombe wa jirani alikauka maziwa, basi nikajiona mjuzi.

Siku moja kabla sijashuka Kitale kupanda gari la Bungoma, ambako nilikuwa nimeruhusiwa kupekua mafaili ya zamani ya mahakama, Kukhu aliniita jikoni kwake. Kukhu ni nyanya, mama yake mama yangu, na ndiye aliyenilea hapo Saboti.

"Ukifika kotini," alisema, "uliza kama kesi yangu iliisha."

"Kesi gani, Kukhu?"

"Ya uchawi. Si ndiyo hiyo unasomea?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, aliendelea kuchagua maharagwe.

Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba tulihama Malakisi kwa sababu udongo wa Saboti ni mzuri. Udongo wenyewe ni mzuri kweli, kwa hivyo sikuwahi kuuliza zaidi. Sasa nikaambiwa mengine. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga tumbaku ya majirani wote ikaliruka shamba lake. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaenda kumshtaki. Kotini aliamriwa akae mbali na Malakisi mpaka aitwe. Akamfunga mama yangu mgongoni, akaja kwa kaka yake Saboti, akangoja. Mumewe, aliyekuwa askari huko pwani, alikuja kumwona mara mbili, kisha akafa, akazikwa Malakisi. Kukhu alimlilia hapa hapa Saboti, maana amri ni amri. Sasa ilikuwa imepita miaka arobaini na mitano.

"Nimezeeka," aliniambia. "Nataka kulala kando ya mzee wangu. Na sitaki kuzikwa nikiwa na kesi."

Chini ya kitanda chake kulikuwa na mfuko wenye gauni moja, leso na kipande cha sabuni. Tangu utotoni nilidhani ni mfuko wa hospitali. Kumbe ulikuwa wa koti. Kila alipopita askari barabarani, Kukhu alikuwa akiutazama kwanza mfuko, halafu askari.

Bungoma nilikaa wiki mbili nikipiga chafya. Niligundua kwamba wachawi wote wa mafaili yale walikuwa na mashamba mazuri. Sikukutana na hata mchawi mmoja mwenye shamba la mawe. Mashahidi nao, kwa bahati ya ajabu, walikuwa wamepakana nao. Uchawi, kwa kadiri nilivyoweza kuona, haukuvuka mashamba mawili. Niliyaandika hayo kwenye daftari kwa hati nzuri, nikafurahi sana.

Kisha nikalipata faili lake. Lilikuwa na kurasa nne tu. Mlalamishi hakufika, kesi imefutwa, mshtakiwa yuko huru. Notisi ilipelekwa nyumbani kwake Malakisi na kupokewa na mkubwa aliyekuwapo bomani, yaani shemeji. Alama ya kidole gumba chake ilikuwa imetokea vizuri kabisa, kila mstari unaonekana. Nilihesabu tarehe. Kesi ilikuwa imefutwa wiki tatu baada ya Kukhu kufika Saboti. Nilizihesabu tena na tena, hadi karani akaniuliza kama nataka maji.

Nilimsomea Kukhu nakala mara mbili, kwa sababu aliniomba nirudie.

"Wiki tatu," alisema. "Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa ananitafuta."

Nililia mimi. Yeye aliniambia niache kelele, akavuta mfuko, akavaa lile gauni. Lilikuwa pana kwake siku hizi, na lilinukia sabuni.

Tulimkuta shemeji yake Malakisi ameketi nje ya banda la kukaushia tumbaku, anatunga majani kwenye kamba. Alikuwa mzee mwenye afya yake. Alimtazama Kukhu kwa muda, halafu uso ukamkunjuka.

"Shemeji! Ulipotelea wapi? Hata matanga ya ndugu yangu hukukuja."

"Nilikuwa nangoja kuitwa."

"Si kalatasi ilikuja! Nilikuwekea."

Aliyasema hayo kama mtu aliyetunza jembe la jirani na hajalipoteza. Nilitaka kumrukia, lakini Kukhu alinishika mkono, kwa hivyo nikatumia silaha niliyopewa chuoni. Nilimuuliza ni sababu gani iliyomfanya asifike kotini kutoa ushahidi.

Alifikiri kwa dhati. Ni mtu wa kwanza katika utafiti wangu wote kulichukua swali langu kwa uzito.

"Siku hiyo tulikuwa na kazi mingi," alisema. "Tumbaku ilikuwa imeiva. Tumbaku haingoji mtu, bana, ukichelewa inahalibika."

"Tumbaku gani?" Kukhu aliuliza. "Si yenu yote ilipigwa na mvua ya mawe?"

Mzee aliacha kutunga. Alilitazama jani lililokuwa mkononi mwake, akaligeuza upande wa pili, akalitazama tena.

"Ile yako," alisema.

Kukhu alitikisa kichwa polepole. Alikuwa bado ameshika mkono wangu.

"Ilitoka mzuri?"

"Mzuri sana, shemeji."

"Haya," alisema Kukhu. "Nionyeshe kaburi."